Kiriba Kilichonyamaza

12 Julai
Mawingu kidogo, upepo wa kaskazini-magharibi, nyuzi kumi na tisa saa tatu asubuhi. Nimepima hali ya hewa ya wilaya hii kwa miaka ishirini na sita. Kituo wameshanistaafisha, ila mkono haujastaafu.

Leo tumefunga watoto wa farasi kambani, kumi na wanne. Zorig mwanangu alikamata, mkewe Solongo akashika, mimi nikakamua mama zao. Maziwa ya kwanza tuliyarushia mbingu, yaliyofuata tukayatia kiribani. Kiriba ni kile kile cha ngozi ya ng'ombe kinachoning'inia kushoto mwa mlango, na humo nikamimina hamira ya marehemu mama mkwe wangu. Hamira hiyo imepita baridi arobaini na moja mikononi mwangu. Imegandishwa, imeyeyushwa, na haijachanganywa na ya mtu hata siku moja. Kila mwaka nachukua ile ya juu iliyo safi kabisa, nyingine namwaga. Ndiyo maana airagi yangu, maziwa ya farasi yaliyochachuka, inasimamisha magari barabarani.

Msimu ukiisha, kamba ikifunguliwa mwezi wa tisa, nitamkabidhi Solongo hamira, kama nilivyokabidhiwa mimi. Lakini kwanza nimwangalie vizuri. Ana miaka miwili tu hapa, na watu wa kwao wana tabia ya kutabasamu bila sababu.

15 Julai
Rasharasha tangu alfajiri. Amekuja msichana wa mjini, Anujin, mtafiti wa chuo, na gari lenye sanduku la barafu. Anataka kijiko kimoja cha airagi kutoka kila kiriba bondeni.

"Tunataka kujua ndani mna vijidudu gani, mama."

"Ndani ya kiriba changu hamna wadudu, binti."

"Vijidudu, mama. Vile visivyoonekana. Ndivyo vinavyochachua maziwa."

"Kama havionekani, utajuaje nimekupa vingapi?"

Zorig alicheka. Solongo aliinamisha macho, na nikajiuliza anaficha nini. Hamira haitoki mlangoni kwenda kwa mgeni. Ikitoka, na baraka ya nyumba inatoka. Nilimpa Anujin chai ya chumvi, jibini kavu na mabakuli matatu ya airagi. Akanywa yote, akashukuru, akaondoka na vichupa vyake vitupu. Kwa jirani yetu mzee Gombo alipewa. Kwa Purev alipewa. Khandaa ndiye aliyemjazia chupa nzima kisha akaomba apigwe picha.

16 Julai
Mvua. Kamba imelowa.

20 Julai
Jua kali, nyuzi ishirini na saba. Khandaa wa ng'ambo ya kijito alikuja kuazima sindano, au ndivyo alivyosema. Akaingia, akashika mchi na kusuka kiriba mara kumi, kama kila mgeni anavyopaswa. Nilikuwa naitazama mikono ya gauni lake. Huyu mwanamke akienda sherehe yoyote hurudi na dumu la mabaki ya airagi ya kila nyumba na kuyamimina kiribani kwake. Kiriba chake ni jalala lenye kamba.

"Bi Sevjid, airagi yako safi mpaka inatisha."

"Yako inatisha bila hata kuwa safi."

Alicheka mpaka akakohoa. Sindano alisahau kuichukua. Alikuja kutafuta nini?

24 Julai
Upepo wa magharibi. Nimeona kwa macho yangu. Gari la Anujin lilisimama barabarani kwenye saa moja asubuhi. Solongo alitoka hemani akidhani niko kwa farasi. Mkononi alikuwa na kichupa kimefungwa kwa kitambaa. Alikipitisha dirishani, wakanong'ona, gari likaondoka kuelekea makao ya wilaya. Aliporudi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwambia kitu. Nitangoja.

25 Julai
Nangoja. Solongo anakula kidogo na kutoka nje mara nyingi.

28 Julai
Upepo umekufa, joto la ajabu. Asubuhi niliweka sikio kwenye kiriba kama kawaida. Airagi nzima huongea: inachemka kidogo kidogo, inapumua. Leo ilikuwa inanong'ona. Nikasuka mara mia tano, Zorig mia tano, Solongo mia tano. Alisuka akiwa amegeuza uso pembeni.

30 Julai
Kiriba kimenyamaza.

31 Julai
Nimeandika sentensi ile ya jana nikaitazama mpaka taa ikapungua mafuta. Miaka arobaini na moja. Airagi ni maji meupe yenye utelezi, haichachi, haichomi ulimi. Nilitoa akiba niliyoihifadhi kwenye mtungi mdogo, nikaosha kiriba, nikaanza upya. Na kama mama mkwe alivyonifundisha, nikabakiza bakuli moja la ile ya zamani na kuirudisha kiribani, na kidogo mtungini, ili mpya imtambue mwenzake. Kiriba hakianzi bila mabaki ya kilichopita.

Leo jioni na hii mpya imeanza kulegea. Nimelia nikiwa zizini ili nisionekane.

1 Agosti
Nimefikiri vizuri. Hamira haifi bure. Solongo alitoa kijiko, na uhai wa kiriba ukaondoka na kile kijiko. Sasa uko mahali. Mtafiti ana rafiki bondeni, ama mtafiti ameuza, ama Solongo mwenyewe amegawa. Nyumba yoyote ambayo airagi yake imekuwa nzuri ghafla, hapo ndipo penye mali yangu. Na ulimi wangu hauwezi kudanganywa.

2 Agosti
Nimeanza na mzee Gombo. Nimechukua chupa ya airagi yangu iliyobaki kwenye mtungi, kwa kulinganishia, na upawa wangu wa mbao. Gombo alikuwa anavuta ugoro, mkewe anakanda unga.

"Karibu, karibu. Leo umekuja na upawa wako? Sisi hatuna pawa?"

"Nimezoea wangu."

Nikasuka kiriba chao mara ishirini kwa adabu. Nikachota yao, nikaonja. Nikachovya upawa kwenye chupa yangu, nikaonja. Nikarudi kwenye yao. Mara tatu hivi, kama nilivyokuwa nafanya na vipimajoto: usiamini kipimo kimoja. Yao ni nzuri. Nzuri kuliko mwaka jana. Kuna ladha ya lozi kwenye ncha ya ulimi ambayo naijua.

"Vipi, mkaguzi?" Gombo akauliza. "Tumefaulu?"

"Imeiva," nikasema. Nimemwekea alama ya kuuliza.

4 Agosti
Kwa Purev, ambaye ni mjane na ana farasi saba tu. Nimefanya kipimo kile kile. Airagi ya farasi saba haiwezi kuwa na povu vile. Aliniona naonja mara ya tatu, akafuta bakuli lililokuwa tayari limefutwa. Mtu asiye na hatia angeuliza.

5 Agosti
Kwa Khandaa. Uchafu mtupu, ila nilijilazimisha. Nikasuka, nikaonja, nikachovya, nikaonja. Ina ladha ya watu wote. Huwezi kumtambua mtu mmoja sokoni.

"Unatafuta nini humo, Bi Sevjid? Kama ni nzi, wako wawili, nimewazoea."

Aliutazama upawa wangu, kisha akanitazama mimi. Akanimiminia chai.

6 Agosti
Mtungi wa akiba umekufa nao. Tunakamua na kuwapa ndama.

9 Agosti
Ngurumo bila mvua. Mke wa Gombo amekuja mbio na kilemba kimefunguka. Kiriba chao kimenyamaza. Nilimshika mkono na kumpa pole, na moyoni, Mungu anisamehe, nilisema: mali ya wizi haidumu.

11 Agosti
Cha Purev pia. Kwa hiyo si wizi tu. Kuna sumu. Anujin alipita kila nyumba na vijiko vyake, na kila alipopita pamekufa. Nimemwambia Gombo. Gombo amewaambia wengine.

"Lakini kwako hakuchota," Gombo akasema.

"Kwangu alichotewa."

"Na nani?"

Nikageuza macho kuelekea hema letu, nisitaje jina. Alielewa. Kufikia jioni bonde zima lilikuwa limeelewa.

12 Agosti
Anujin amekuja akachukua maziwa yaliyokufa kwa Gombo na Purev. Gombo alimpa kwa mkono wa kushoto. Mimi sikutoka nje.

14 Agosti
Nitaandika yote, ili baadaye asije mtu kusema sikusema.

Solongo alirudi kutoka kijitoni, ndoo moja tu, akaiweka chini. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Mama, mke wa Gombo kanikimbiza nisisuke kiriba chao. Kasema mkono wangu una nuksi. Nani kamwambia?"

"Waulize walionuka, usimuulize mwenye pua."

"Mama!" Zorig akasimama.

"Kaa. Nilimwona. Tarehe ishirini na nne Julai, kwenye saa moja asubuhi, upepo wa magharibi. Kichupa kwenye kitambaa, dirishani kwa yule msichana. Nimeandika. Unataka nikusomee?"

Solongo hakukana. Ndicho kilichonikasirisha zaidi. Alimtazama Zorig, Zorig akatazama jiko.

"Kile kichupa hakikuwa cha airagi, mama."

"Kilikuwa cha nini?"

"Siku utakayoniuliza kama mtu anayetaka kujua, nitakujibu. Sasa hivi hukuniuliza. Umenihukumu."

"Basi hamira hupati. Heri ife na mimi."

"Imeshakufa, mama," akasema taratibu, akaanza kukunja nguo zake.

Zorig alimpeleka kwao kwa pikipiki. Nilisimama mlangoni nikamwaga maziwa nyuma yao kama desturi ya kumsindikiza msafiri, maana mila ni mila. Solongo hakugeuka.

15 Agosti
Nyuzi kumi na moja asubuhi. Nimekamua peke yangu.

16 Agosti
Zorig amerudi. Anajibu "ndiyo" na "hapana".

18 Agosti
Ndiyo. Hapana. Mvua.

19 Agosti
Cha Khandaa bado kinaongea. Naambiwa watu wanakwenda kunywa kwake. Kwa nini chake tu? Nimemfikiria usiku na mchana. Sindano aliyoisahau ile.

22 Agosti
Anujin ameita watu kwa Gombo. Nilikwenda nikakaa karibu na mlango ili nimwone kila anayebadilika uso.

Alisema hivi, na nimejaribu kuyaandika kama alivyoyasema. Vile vijidudu vinavyochachua maziwa navyo vina maradhi yao. Kuna virusi ambavyo havimgusi mtu wala farasi, kazi yao ni kuua vijidudu vya maziwa.

"Kidudu kinaumwa?" Gombo akauliza.

"Kinaumwa, mzee, na kinakufa. Kwako na kwa mama Purev tumekuta kirusi kimoja, kile kile."

"Na kwa Khandaa je?" nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa.

"Kwake pia kimo. Ila vijidudu vyake vimekishinda. Hicho ndicho tunachokichunguza. Kijidudu kikinusurika, kinakata kipande kidogo cha adui yake na kukiweka mwilini mwake. Watoto wake wanazaliwa nacho. Adui akirudi wanamtambua na kumkatakata. Kiriba cha mama Khandaa kimepokea airagi za nyumba nyingi miaka mingi, pamoja na maradhi yake. Kina kumbukumbu nyingi."

"Kama chapa ya farasi," Gombo akasema.

"Kama chapa, mzee. Ila wamejipiga chapa ya mwizi ili wamjue."

Khandaa akajipapasa kilemba. "Mwanangu, kwa hiyo uchafu wangu umesoma shule?"

Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa. Kisha Anujin akasema kwamba hamira iliyochujwa sana, ya aina moja tu, haina kumbukumbu; kirusi kikiingia kinafagia yote. Na kinasafiri kwa tone. Mchi, bakuli, mkono.

"Kwa mzee Gombo kilianza kama wiki moja kabla ya kufa. Kwa mama Purev hivyo hivyo. Kuna mtu anakumbuka nani alisuka au kuonja nyumba zote mbili siku zile? Simtafuti mkosaji. Natafuta njia. Na kuna kiriba kimoja bondeni ambacho sikupata kijiko chake."

Wote wakanitazama. Mke wa Gombo alifungua mdomo.

"Sikumbuki," nikasema haraka. "Watu wanaingia na kutoka."

Mimi, ninayekumbuka upepo wa kila asubuhi.

23 Agosti
Baridi, hakuna wingu. Nimefungua daftari hili nikalisoma kutoka mwanzo. Gombo: nilionja tarehe mbili, kimekufa tarehe tisa. Purev: tarehe nne, kumi na moja. Siku saba na siku saba. Upawa nimeuandika kwa mkono wangu, na kuchovya, na kurudisha. Hata lile bakuli la maziwa yaliyokufa nililolimimina kwenye akiba ili imtambue mwenzake. Niliiua akiba kwa adabu. Kwangu kiliingiaje kwanza, sijui; kila mgeni husuka.

Hakuna aliyeniibia. Nilitembea bonde zima nikimtafuta mwizi na ugonjwa niliubeba mimi, kwenye chupa, chini ya kwapa.

Nilifikiri kuzichana kurasa nne. Nilizishika kabisa.

25 Agosti
Jalidi ya kwanza, nyasi nyeupe. Nilikwenda kwa Khandaa. Sikugusa mchi wake. Alishangaa.

"Mbona husuki? Umekasirika?"

"Ni mimi, Khandaa. Ule upawa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipokuona unaurudisha humo mara ya tatu. Nikasema, huyu leo kapatwa na nini?"

"Mbona hukusema siku ile kwa Gombo?"

Aliendelea kukoroga chai. "Ningesema nini? Kwamba Bi Sevjid ana upawa mchafu? Mimi, Khandaa wa jalala? Nani angeniamini?"

Hilo neno la jalala nilidhani nimeliandika humu tu, kumbe nilikuwa nalisema kwa watu.

Alinijazia chupa ya hamira. Nikamwambia siistahili. "Chukua. Humo mna ya kila mtu. Hata ya mama mkwe wako imo, niliichota mabaki kwenye harusi ya Zorig. Ila usiniombe nikutolee peke yake, imeshaolewa na wengine."

Nilibusu ile chupa mbele yake, na machozi yakanitoka kama maji. Akanipiga begani: "Basi, basi, utaitia chumvi."

28 Agosti
Mwendo wa saa nne kwa pikipiki nyuma ya Zorig, mgongo umekufa. Mama yake Solongo alinikaribisha bila tabasamu, kwa hiyo nilikosea hata hilo.

Nilimwuliza Solongo. Nilitaka kujua, na alilisikia hilo.

"Mkojo wangu, mama. Nilikuwa natapika kila asubuhi. Daktari wa wilaya alitaka kuupima, Anujin alikuwa anaelekea huko. Nina mimba. Ilikuwa changa, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mimba changa haitangazwi."

Nilimwambia ya upawa, ya tarehe, yote. Nikampa daftari, akasoma, hata ile ya tabasamu. Akalifunga.

"Umewaambia mimi ni mwizi, bonde zima. Sasa wasomee hili, bonde zima. Kisha nitafikiri."

3 Septemba
Nimewasomea. Kwa Gombo, watu kumi na wanane, kuanzia tarehe kumi na mbili Julai mpaka ya mwisho. Purev alilia. Aliponisikia nimeandika kwamba povu lake lilikuwa zuri mno kwa farasi saba, aliniambia, "Nilikuwa nasuka mara elfu tano kwa siku, dada. Ndiyo hivyo tu."

Anujin aliomba kunakili tarehe. Nikampa, na nikampa na upawa.

Gombo alifunga kopo lake la ugoro. "Sevjid, ukija kwangu utakunywa chai, utakula, utalala kama njia ni mbaya. Lakini mchi wa kiriba changu hutaugusa tena."

Kwetu hata mlevi huachiwa mchi. Nilisema nimesikia.

10 Septemba
Hamira ya Khandaa imegawanywa nyumba zote. Airagi ni kali, ina ladha nisiyoijua. Magari yanasimama.

14 Septemba
Theluji kidogo milimani.

21 Septemba
Nyuzi mbili, anga tupu. Tumefungua kamba, watoto wa farasi wamekimbilia mama zao.

Solongo alirudi jana, tumbo linaonekana sasa. Hakurudi hemani kwangu. Zorig na ndugu zake wamesimamisha hema jipya hatua arobaini kutoka langu, na wamening'iniza kiriba kipya kushoto mwa mlango. Hamira yake kaichukua kwa Khandaa mwenyewe, hakupitia kwangu.

Leo mchana nilikwenda kama mgeni, na sufuria ya nyama. Nikapiga hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mwanangu. Alinikaribisha. Kiriba kilikuwa kinaongea. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mchi kabla sijawaza, nikaurudisha nyuma na kuuficha.

Solongo aliniona. Alichukua birika, akaleta beseni na kipande cha sabuni, akaviweka mbele yangu.

"Nawa mikono kwanza, mama."

Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Ndipo akanipa mchi.